Mikono ina grisi, simu inaita: ninunue simu ya kupunga mkono?

SWALI: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni fundi pikipiki hapa Nkuhungu, Dodoma. Kuanzia asubuhi mpaka jua linazama mikono yangu ina oili na grisi. Simu ikiita, nikianza kutafuta kitambaa mteja ameshakata na ameshampigia fundi mwingine. Tena huwa natazama video za kufungua injini nisizozizoea, na kila nikitaka kuisimamisha lazima niguse kioo. Kuna muuzaji wa simu za mtumba mjini ananishawishi nichukue Pixel 4, anasema ina rada ndani, ukipunga mkono inapokea simu. Kijana ninayemfundisha kazi anasema niachane nayo, ninunue saa ya mkononi inayosoma ishara za vidole. Naomba unieleze: mambo haya ni ya kweli au ni maneno ya biashara? Yatafanya kazi gereji? Na je, mtu akipunga mkono mbele ya simu yangu anaweza kutoa pesa zangu? Kijana anauliza pia kama ishara hizi mtu anaweza kuzitengeneza mwenyewe."

JIBU:

Fundi, nimekupata. Nianze na la haraka, maana muuzaji hatakungoja: hiyo Pixel 4 iache. Kuhusu rada hajakudanganya. Google waliitoa simu hiyo Oktoba 2019, na juu ya kioo chake kweli mna chipu ya rada, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, iliyotokana na mradi wao wa Soli walioutangaza mwaka 2015. Shida ni kazi iliyopewa rada hiyo: kuruka wimbo, kuahirisha kengele ya kuamkia, na kunyamazisha simu inayoita. Umesoma vizuri, kunyamazisha. Ukipunga mkono, mlio unakatika kwako, huku mteja akiendelea kusikia inaita upande wake mpaka achoke. Ndicho hasa unachokikimbia.

Na hata hicho kidogo hukipati ukiwa Dodoma. Soli hutumia masafa ya gigahezi 60, na masafa ya redio kila nchi huyasimamia kivyake. Kwetu kazi hiyo ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Huko Marekani kwenyewe Google walilazimika kuomba ruhusa maalumu, na tume ya mawasiliano ya huko ikaitoa siku ya mwisho ya mwaka 2018. India masafa hayo hayakuwa yameruhusiwa kwa matumizi ya raia, kwa hiyo Pixel 4 haikuuzwa huko kabisa. Simu yenyewe ina orodha ya nchi ambazo rada inaruhusiwa kuwaka: Marekani, Kanada, Australia, Singapore, Taiwan, sehemu kubwa ya Ulaya, na baadaye Japan. Tanzania haimo. Ongeza kwamba betri yake ni ya mAh 2,800 tu, nayo ni ya mtumba, na kwamba muda ambao Google waliahidi kuipelekea masasisho ya usalama ulikwisha Oktoba 2022. Simu inayobeba pesa zako haifai kuwa hivyo. Pixel 5 ilipotoka mwaka uliofuata, rada ilikuwa imeondolewa.

Sasa swali la msingi, kama mambo haya ni ya kweli. Ni ya kweli, wala si mapya. Samsung Galaxy S4 ya mwaka 2013 ilikuwa na kihisi cha mwanga wa infraredi juu ya kioo. Ukipitisha kiganja juu yake ukurasa unasogea, na uliweza hata kupokea simu kwa kupunga. Ndiyo, simu ya 2013 iliweza kile ambacho Pixel 4 haiwezi. (Usikimbilie kuitafuta. Imezeeka mno, programu nyingi za leo haziipokei.) LG walitoa G8 ThinQ mwaka 2019 ikiwa na kamera ya kupima umbali: unakunja vidole mbele yake kama unashika kitasa, unazungusha, sauti inapanda au kushuka. Huawei Mate 30 Pro ya mwaka huohuo ukifumba ngumi mbele yake inapiga picha ya kile kilicho kwenye kioo. Dukani zilishangaza watu. Nyumbani, baada ya wiki chache, wengi walizizima, na kampuni nyingi zikaziacha kwenye matoleo yaliyofuata bila kutangaza.

Kwa nini? Nikueleze namna kila mbinu inavyouona mkono, kisha tuiweke gerejini kwako.

Kihisi cha infraredi hutoa mwanga usioonekana kwa macho na kungoja urudi ukigonga kiganja. Ndani ya chumba ni kazi rahisi. Lakini jua nalo hutoa infraredi hiyohiyo kwa wingi usiolinganishika na kijitaa cha simu. Saa saba mchana hapa kwetu, chini ya kibanda cha bati kilicho wazi pande tatu, kihisi kinajaa mwanga wa jua na hakiwezi tena kuutambua wa kwake. Kisha kuna vumbi. Unaujua upepo wa Julai na Agosti hapa Dodoma. Vumbi likishikana na mafuta kidogo juu ya kihisi, mwanga unarudishwa na utando huo kabla haujafika popote, na simu inaamini kuna mkono mbele yake muda wote.

Rada haina shida na vumbi wala jua wala giza. Wimbi la gigahezi 60 lina urefu wa milimita 5, na chipu haichori picha ya mkono. Inasikiliza jinsi wimbi linavyobadilika likirudi kutoka kwenye kitu kinachotembea. Kiganja kinachokuja kwa nusu mita kwa sekunde hubadilisha masafa ya wimbi linalorudi kwa takriban hezi 200 (mitetemo 200 kwa sekunde), badiliko ambalo chipu hulisoma bila shida. Kinachoniudhi kuhusu rada katika gereji ni chuma. Chuma hurudisha mawimbi hayo kwa nguvu kuliko ngozi, na kwako kila kinachozunguka, kuning'inia au kudondoka ni chuma.

Sauti hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, na haihitaji kifaa kipya. Watafiti wa Microsoft walionyesha mwaka 2012 kwamba spika na kipaza sauti cha kompyuta ya kawaida vinatosha: spika inatoa mlio mwembamba wa karibu kilohezi 20 ambao watu wazima wengi hawausikii, mkono ukisogea mlio unaorudi unabadilika. Kwa mwendo uleule wa nusu mita kwa sekunde, badiliko ni kama hezi 58. Kampuni ya Elliptic Labs ya Norway ilifanya biashara kwa njia hii. Xiaomi Mi MIX ya 2016 ilitumia sauti kujua kama simu iko sikioni, kwa kuwa kioo kilikuwa kimechukua nafasi ya kihisi. Gereji yenye nyundo na bomba la Boxer lisilo na kizuia sauti si mahali pa mlio wa namna hiyo.

Inabaki kamera, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kamera unayo tayari mfukoni na ndiyo ambayo kijana wako ataichezea. Mwaka 2019 Google walitoa bure programu ya MediaPipe ya kusoma mikono. Inavyofanya ni werevu wa kupendeza. Kutafuta vidole kwenye picha ni kugumu, vinakunjwa, vinafichana, vinafanana. Kiganja hakibadiliki sana umbo. Kwa hiyo programu hutafuta kwanza kiganja, ikikipata huchora mraba kukizunguka, kisha modeli ya pili, yaani programu iliyofundishwa kwa picha, inaweka alama 21 ndani ya mraba huo: kifundo cha mkono, viungo vya kila kidole, ncha zake. Picha inayofuata haianzi upya. Inaanzia pale mkono ulipoonekana mara ya mwisho, ndiyo maana hata simu ya kawaida inamudu, bila bando, bila kutuma picha popote. Ukishapata alama 21, kujua kama kidole gumba kimesimama ni hesabu ya pembe tu.

Modeli ya alama hizo ilifundishwa kwa picha halisi zipatazo 30,000, zikaongezewa mikono ya kuchorwa na kompyuta. Sidhani kama wengi waliopigwa picha hizo walikuwa wametoka kufungua kabureta. Grisi nyeusi hufuta mistari ya viungo, spana hukata vidole katikati, na kitambaa kikiwa mkononi kiganja chote kinapotea. Zaidi ya yote kuna mwanga. Fundi wengi huweka simu kwenye kibao ndani ya banda ikitazama nje, ambako ardhi inang'aa. Kamera inajipunguza ili isiunguzwe na mwanga wa nje, na mkono wako ulioko kati unabaki kivuli cheusi. Ngozi zetu zinapotea zaidi hapo kuliko ngozi nyeupe. Ukitaka kujaribu ishara yoyote ya kamera, geuza: mgongo wa simu utazame nje, ili mwanga uanguke juu ya mkono upande ule kamera inaouona. Ni badiliko dogo, halina gharama, na mara nyingi linafaa kuliko kubadilisha programu.

Kuona mkono, kwa jumla, kunawezekana. Kugumu ni kujua mkono unapoongea na simu na unapofanya mambo yake. Simama kando ya kijiwe cha bodaboda, umwone rafiki ng'ambo ya barabara, uinue mkono kumsalimia: pikipiki tatu zinawashwa, na unabaki kuomba radhi. Waliona mkono sawasawa kabisa. Walichokosa ni nia yako. Simu iko hivyo saa zote.

Tupige hesabu. Tuseme programu inatazama picha 15 kila sekunde. Kwa saa moja ni maamuzi 54,000. Tuseme ni hodari sana, inakosea mara moja tu katika kila maamuzi 1,000. Kwa saa hiyo moja utapata makosa 54: simu imekatwa, video imeruka, sauti imepaa. Muuzaji atakwambia usahihi wake ni asilimia 99.9 na atakuwa anasema kweli. Ndiyo maana wahandisi wenye busara huweka masharti. Programu inataka ishara ishikiliwe kwa nusu sekunde au zaidi, au inasikiliza pale tu kuna jambo la kuamuliwa. Pixel 4 haikutafsiri upungaji wa mkono mpaka kuwe na muziki, kengele au simu inayoita. Ukiona kifaa kinajigamba kwa ishara kumi na tano zinazofanya kazi wakati wowote, jua aliyekibuni hakuwahi kukaa nacho siku nzima.

Sasa niseme ninavyoliona lako, na huenda kijana asikubaliane nami. Ishara za mkono zinamfaa mtu ambaye mkono wake, kwa wakati ule wa kuamuru, hauna kazi nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 madaktari wa upasuaji Toronto na London walijaribu Kinect, kamera ya michezo ya Microsoft, kutazama picha za wagonjwa bila kugusa kompyuta yenye vijidudu. Iliwafaa. Lakini angalia wanavyofanya: daktari anaacha kisu, anarudi nyuma hatua moja, anainua mikono mbele ya kioo, anageuza picha, anarudi mezani. Mikono yao haikuruhusiwa kugusa kompyuta, ila ilikuwa huru. Wewe mkono mmoja umeshika silinda na mwingine unatafuta uzi wa bolti. Tatizo lako ni uchafu na shughuli kwa pamoja, na upungaji unatibu uchafu peke yake. Kwa simu inayoita, ambapo unaweza kuacha spana sekunde mbili, ishara ni sawa. Kwa video unayoifuata huku mikono imo ndani ya injini, utachoka siku ya kwanza.

Kuhusu saa, kijana wako ana hoja, ila si kwa saa aliyoiona sokoni. Saa nyingi za bei ndogo zinajua ishara moja: ukiinua mkono kioo kinawaka. Simu inayoita zinaionyesha, lakini kupokea ni kwa kugusa. Saa zenye uwezo anaousema zipo, na zilianzia mahali pa kuheshimika. Mwaka 2021 Apple waliweka kwenye saa zao huduma ya watu wenye ulemavu wa mikono: unabana kidole gumba na cha shahada, au unafumba ngumi, saa inatii. Mwaka 2023, kwenye Series 9 na Ultra 2, kubana mara mbili kukawa kwa kila mtu, na kunapokea simu. Samsung nao wana ishara kwenye Galaxy Watch, ikiwemo kupokea simu kwa kuutikisa mkono kwenye kiwiko.

Siri ya saa ni kwamba haitazami mkono. Inahisi mtikisiko mdogo wa kifundo vidole vinapogongana, na taa ya kijani inayopima mapigo ya moyo inaona damu inavyosukumwa tofauti misuli inapokaza. Grisi haiihusu, giza haliihusu, mkono unaweza kuwa nyuma ya tangi. Kwa upande wa ufundi, hii ndiyo njia inayokufaa kuliko zote nilizozitaja. Meta wamekwenda mbali zaidi: Septemba 2025 walianza kuuza miwani yenye skrini ndani yake pamoja na kamba ya mkononi inayosoma umeme wa misuli yenyewe, kwa dola 799 Marekani. Hilo tuwaachie wenye nazo. Kampuni ya Kanada, Thalmic Labs, ilijaribu umeme wa misuli tangu 2013 kwa bangili iliyoitwa Myo, wakaacha kuiuza 2018.

Lakini wewe ni fundi. Cheni inazunguka, sproketi ina meno, na nguzo za betri ziko wazi. Chochote cha kuvaa mkononi kinaweza kunaswa, na mkanda wa chuma ukigusa nguzo mbili za betri kwa pamoja unapata moto na kukuunguza kifundo kabla hujajua. Hilo unalijua kuliko mimi. Ukinunua saa, iwe na mkanda wa mpira laini unaokatika ukivutwa, ivae mkono usioshika spana, na ivue unapojaribu injini gurudumu likizunguka. Ibane vizuri pia. Saa iliyolegea haisomi damu, inasoma kucheza kwake yenyewe. Na hakikisha inaelewana na simu uliyonayo: ya Apple inataka iPhone, hakuna njia ya mkato.

Kabla ya kutoa hata shilingi, fanya haya ya bure.

Fungua mipangilio ya simu yako, nenda sehemu ya ufikivu, ile yenye alama ya mtu aliyenyoosha mikono. Kwenye Samsung, ndani yake kuna mambo ya kupokea na kukata simu. Kuna kupokea kwa kitufe cha kuongeza sauti, ambacho unakibonyeza kwa kifundo cha kidole au kiwiko. Kuna kusomewa kwa sauti jina la anayepiga. Na kuna kupokea kwenyewe baada ya sekunde chache simu ikiwa imeunganishwa na hedifoni ya waya au ya Bluetooth. Hili la mwisho ndilo jibu lako. Chomeka hedifoni asubuhi, simu iwe mfukoni au kwenye kibao mbali na oili, mteja akipiga utamsikia bila kunyanyua chochote. Kero yake ni kwamba hata anayekudai utampokea. iPhone nazo zina kupokea kwenyewe katika sehemu hiyohiyo ya ufikivu. Simu za kampuni nyingine hutofautiana toleo kwa toleo. Tafuta humohumo kwenye ufikivu na kwenye mipangilio ya programu ya kupigia.

Video: hedifoni ya waya yenye kitufe husimamisha na kuendesha video kwa kubonyeza mara moja. Iningʼinize kifuani, kitufe ukibonyeze kwa upande wa mkono ulio msafi. Na kioo chenyewe si adui kiasi unachodhani. Kinasoma chaji ya umeme ya ngozi, hakijali kama ni ncha ya kidole, kifundo au kiwiko. Kinasoma hata kupitia nailoni nyembamba: funika simu kwa karatasi laini ya kufungia vyakula, uichafue upendavyo, jioni uitupe. (Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo usinitaje ukikamatwa nayo. Nasema ya kufungia chakula.)

Kuna njia nyingine ambayo watu hawaijui. Tangu Android 12, simu inaweza kuamriwa kwa uso kupitia kamera ya mbele: kutabasamu, kuinua nyusi, kufungua mdomo, kutazama kushoto, kulia au juu. Iliundwa kwa ajili ya watu wasioweza kutumia mikono, na kwa mtu ambaye mikono yake imo ndani ya injini, uso ndio uliobaki huru. Ni ya polepole, inakula chaji, na wateja watakushangaa. Kwa video ya saa nzima huku simu ikiwa kwenye chaja, mimi ningeijaribu kabla ya kupunga mkono wowote. Amri za sauti sikushauri. Sauti za injini zitazimeza.

Pesa. Hapana, mtu hawezi kupunga mkono mbele ya simu yako akatoa pesa. Huduma za pesa za simu zinataka namba ya siri iandikwe, na ishara za hewani hazina uwezo huo. Wala usitamani ziwe nao. Ukikumbuka makosa 54 ya saa moja utaelewa. Kupokea malipo hakuhitaji ishara hata moja: andika Lipa Namba yako kwa rangi ukutani, mteja afanye kila kitu kwenye simu yake, wewe hakikisha salio limeingia kabla ya kumkabidhi pikipiki, maana ujumbe wa uongo wa malipo unaujua.

Hatari iko pengine. Programu nyingi za ishara zinazosambazwa na watu kwa WhatsApp huomba ruhusa ya ufikivu. Ruhusa hiyo ni kubwa: programu inasoma kila kilichoandikwa kwenye kioo na inaweza kubonyeza kwa niaba yako. Kwa huduma ya ishara ruhusa hiyo ina maana, kwa kuwa haiwezi kubonyeza vitufe vya programu nyingine bila hiyo. Kwa mwizi pia ina maana. Programu ya ishara itoke kwa aliyetengeneza simu au Google mwenyewe. Faili uliyotumiwa na rafiki wa rafiki, hata kama ishara zake zinafanya kazi vizuri ajabu, hasa kama zinafanya kazi vizuri ajabu, isiguse simu yenye pesa. Na kamera inayowaka kutwa gerejini inawaona wateja wako pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, kwa hiyo hata programu salama isihifadhi picha.

Ukifika kununua saa, usiijaribu dukani. Mwombe muuzaji uivae nje, ukae nayo saa moja huku ukifanya kazi yako ya kawaida: kaza bolti, piga nyundo, piga kiki. Mwambie mtu akupigie mara kadhaa katika muda huo. Hesabu mambo mawili tofauti: mara ulizobana vidole saa isitii, na mara saa ilipotii bila wewe kuamuru. La kwanza linavumilika, utabana tena. La pili likitokea hata mara moja katika saa hiyo, mrudishie.

Kijana wako nimemweka mwisho kwa sababu lake ndilo zuri kuliko yote. Ndiyo, anaweza kutengeneza. MediaPipe ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta ya mtumba yenye kamera. Akijua kidogo Python, lugha ya kuandikia programu, wikiendi moja inatosha kuona alama zake 21 zikicheza kwenye kioo. Inakuja na ishara saba tayari: kiganja wazi, ngumi, dole gumba juu, dole gumba chini, kidole cha shahada juu, vidole viwili vya ushindi, na ile ya "nakupenda" ya lugha ya ishara ya Marekani. Kuna zana ya kuifundisha ishara mpya kwa picha zako mwenyewe, na hapo gereji yako ina mali ambayo maabara nyingi hazina. Apige picha mikono yenyewe ya kazi: yenye grisi, yenye glavu, iliyoshika spana namba 10, asubuhi, mchana wa jua kali, jioni chini ya balbu. Kila ishara iwe na folda yake.

Zana hiyo inadai folda moja ya ziada, na bila hiyo haikubali kuanza: folda ya mikono isiyoamuru chochote. Mwambie hiyo ndiyo ajaze kuliko zote. Mkono unaopangusa jasho, unaokunja cheni, unaohesabu chenji, unaomsalimia mtu barabarani. Aweke kamera kwenye kibao siku ya kazi nyingi, mgongo wa kamera ukitazama nje, na wewe uendelee kufanya kazi kama hayupo.